Utumbo wa nani?

Nimerudi chuo juzi toka Nkololo, vumbi la Bariadi bado liko kwenye begi. Nyumbani bibi aliniuliza tunasoma nini huku. Nikamwambia tunasoma jinsi bakteria wa kwenye chakula wanavyoshambulia utumbo, na kwamba siku hizi wataalamu wanaotesha utumbo maabara. Akaniuliza, "Utumbo wa nani, mjukuu wangu?" Nikacheka, ila swali limegoma kunitoka.

Jibu ndo hili. Kwa miaka mingi tafiti za salmonela zimetegemea seli ziitwazo Caco-2, zilizotoka miaka ya 1970 kwenye saratani ya utumbo ya mzee wa kizungu wa miaka 72. Wengine hutumia panya, wakati salmonela wa taifodi wala hamsumbui panya wa kawaida. Mwaka 2009 Toshiro Sato na Hans Clevers, kule Uholanzi, wakaotesha utumbo mdogo wa panya kutoka kwenye seli shina, na 2011 wakafanya hivyo kwa binadamu. Vinaitwa oganoidi.

Sasa jamani, mwaka huohuo 2009 ilichapishwa jenomu ya salmonela ST313 kutoka Malawi. Huyu anaua watoto wetu Afrika. Anapenya utumbo na kuingia kwenye damu, mara nyingi hata bila mtoto kuhara. Mtoto ana homa tu, watu wanadhani malaria. Na anawapata zaidi wenye malaria, utapiamlo au VVU. Utumbo wa mzee yule utatueleza yote kuhusu mtoto wa Nkololo aliyekonda kwa njaa? Mimi nakataa.

Sisemi Caco-2 zitupwe, zimefundisha mengi na ni rahisi kutunza. Oganoidi nazo zina kasoro: hazina damu wala seli za kinga, tena upande unaokutana na chakula umejificha ndani, bakteria mara nyingi hudungwa kwa sindano nyembamba. Ila zinaweza kutoka kwa mtu yeyote, kwa kipande kidogo kinachochukuliwa hospitali kwa ridhaa yake. Basi zioteshwe hapahapa, Mwanza au Dar, kwa mikono yetu, tusiishie kupakia sampuli kwenye ndege. Gharama najua ni kubwa. Kuzika watoto je?

Wenzangu wa maabara mnasemaje? Tubishane. Wakati tunabishana, chemsheni maziwa.