Daraja la Allerona: Madai Matano Yasiyosimama

Mchana wa tarehe 28 Januari 1944, ndege za mabomu za Marekani aina ya B-26 Marauder zilishambulia daraja la reli juu ya mto Paglia, karibu na Allerona, kaskazini ya Orvieto nchini Italia. Darajani kulikuwa na treni ya Wajerumani. Mabehewa yake hayakubeba risasi wala mafuta. Yalibeba mateka wa vita wa upande uleule uliorusha ndege hizo: Waingereza, Waafrika Kusini na Wamarekani. Mamia waliuawa. Tangu siku hiyo yamesemwa mengi, mengine kuwachafua marubani, mengine kumsafisha kila aliyehusika. Pande zote mbili zinawadhulumu marehemu.

Dai la kwanza ni kwamba marubani walijua. Wanaosema hivyo wanasahau jinsi kazi ile ilivyofanyika. Marauder, ndege ya ukubwa wa kati yenye injini mbili, iliruka kwa kundi, kwa kawaida kwenye kimo cha futi 10,000 au zaidi. Mlenga mabomu wa ndege ya mbele ndiye aliyepima shabaha, na wenzake wakaachia mabomu walipoona yake yanatoka. Shabaha waliyotajiwa kabla ya kuruka ilikuwa daraja. Kutoka kimo kile, behewa la mizigo lililojaa watu halina tofauti na lililojaa makombora, na Wajerumani waliwasafirisha mateka katika mabehewa hayohayo ya mizigo. Tena Washirika walikuwa wametua Anzio tarehe 22 Januari, siku sita tu nyuma, na reli zote za Italia ya kati zilikuwa zikipeleka askari na silaha za Wajerumani kwenda kuwazuia. Mlenga mabomu aliyeona treni darajani siku ile aliona treni ya adui. Anayewaita wauaji wa makusudi alete ushahidi.

Dai la pili linaegemea upande wa pili: ilikuwa bahati mbaya tu, hakuna wa kulaumiwa. Hili nalikataa kwa nguvu zaidi, kwa sababu ndilo linalosemwa kwa upole na kukubaliwa haraka. Mateka wale walitolewa kwenye kambi ya Fara in Sabina, kaskazini-mashariki ya Roma, mapigano ya Anzio yalipoanza. Kuwaondoa karibu na vita hakukuwa kosa. Mkataba wa Geneva wa 1929, ambao Ujerumani iliuridhia, ulitaka hivyo. Lakini mkataba huohuo ulikataza kuwaweka mateka hatarini bila sababu. Wajerumani walijua kuliko mtu yeyote kwamba reli hiyo hupigwa, maana wao ndio waliokuwa wakiitengeneza. Hata hivyo waliwafungia watu ndani ya mabehewa, milango ikakazwa kwa nje, wakawapitisha mchana. Walionusurika walisimulia kwamba ndege zilipotokea, walinzi waliruka na kukimbia huku wao wamebaki wamefungiwa juu ya daraja. Kuacha milango imefungwa ni tendo la mtu, na mtu huyo ana jina na cheo, hata kama hakuwahi kuulizwa.

Na upande wa Washirika je? Rubani simlaumu. Waliompangia shabaha nawauliza jambo moja. Tangu Italia ilipojisalimisha Septemba 1943, maelfu kwa maelfu ya mateka walikuwa wakipelekwa Ujerumani kwa reli. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo stesheni ya L'Aquila ilipigwa mabomu, na treni ya mateka ilikuwepo pale. Hatari hiyo ilikuwepo kabla ya Allerona, na ilistahili kupimwa kila shabaha ya reli ilipochaguliwa.

Dai la tatu, kwamba daraja lile halikuwa na maana ya kijeshi, halihitaji maneno mengi. Njia ya reli ya Firenze hadi Roma, iliyopita juu yake, ilikuwa mojawapo ya njia chache kuu za kulisha jeshi la Wajerumani kusini. Kulipiga kulikuwa halali.

Dai la nne, kwamba madaraja hayakufaa kulengwa, lina heshima ya kitaaluma. Solly Zuckerman, mwanasayansi aliyemshauri Tedder, mkuu wa majeshi ya anga ya Washirika, alitazama matokeo ya mabomu yaliyopigwa Sisili akashauri kupiga stesheni kubwa za kupangia mabehewa na karakana zake, kwani madaraja ni membamba na hula mabomu mengi. Kwa hesabu za 1943 alikuwa na hoja. Lakini katika majira ya kuchipua ya 1944 ndege za Marauder na Mitchell zilikuwa zimejifunza kazi. Njia zilizofumuliwa stesheni huweza kuunganishwa upya upesi. Nguzo ya daraja iliyolala mtoni ni habari nyingine. Wajerumani walilazimika kushusha mizigo upande mmoja, kuivusha kwa malori yenye uhaba wa mafuta, na kuipakia tena ng'ambo.

La tano ni la wapenzi wa ndege: kwamba mabomu peke yake yangewang'oa Wajerumani. Operesheni Strangle, kampeni ya anga ya kukata njia za ugavi za Wajerumani, ilianza 19 Machi 1944 kwa matumaini hayo, ikaendelea hadi 11 Mei. Wajerumani hawakung'oka. Askari anayekaa handakini bila kupigana hutumia risasi chache, na akiba yake humtosha. Ni pale majeshi ya nchi kavu yaliposhambulia kwa nguvu usiku wa 11 Mei ndipo uhaba ulipouma, na Roma ikaanguka 4 Juni.

Hukumu yangu basi ni hii. Daraja lilistahili kupigwa, marubani hawakujua, na waliofunga milango na kukimbia ndio wenye damu hiyo kwanza. Ushindi wa Juni hauwafuti waliokufa Januari, na yeyote anayeandika habari za Strangle na kuiruka Allerona ameandika nusu ya habari.