Chuo Kikuu na Waya wa Fumba

Tarehe 21 Mei, 2008 kisiwa cha Unguja kiliingia gizani, na hakikutoka humo hadi katikati ya Juni. Desemba, 2009 balaa lile lilirudi, na safari hii lilidumu miezi mitatu, hadi Machi, 2010. Wazee wa nyumba hawahitaji kukumbushwa na sisi namna mifereji ilivyokauka kwa kuwa pampu za maji hazikuwa na nguvu ya kuzisukuma, wala foleni za ndoo visimani, wala samaki waliooza kwa kukosa barafu. Lakini watoto waliozaliwa mwaka ule wa kwanza sasa wamo katika umri wa kubisha hodi kwenye milango ya chuo kikuu, na ni kwa ajili yao tunaandika leo.

Chanzo cha giza kilikuwa kimoja. Umeme wote wa Unguja ulikuja kwa waya mmoja uliotandazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Waya ulikuwa umezeeka na mzigo ulikuwa umeongezeka. Ulipoharibika, hapakuwa na njia ya pili. Aidha, kuunga waya wa aina hiyo si kazi ya fundi wa kawaida wa umeme, ni elimu ya wachache duniani, na mwenye kuihitaji hulazimika kungoja.

Tuseme kwa haki kwamba hatua zilichukuliwa. Mwaka 2010 Pemba, iliyokuwa ikitegemea jenereta za Wesha, iliunganishwa na Tanga kwa waya wa bahari kwa msaada wa Norway. Mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Marekani. Haya ni mambo makubwa, na hatuna nia ya kuyabeza. Tunachosema ni kwamba waya huweza kuombwa kwa rafiki na kuletwa kwa meli. Mhandisi haombwi hivyo. Huchukua miaka minne darasani, na mingine kadhaa kazini chini ya uangalizi, kabla ya kuaminiwa kufungua mlango wa kituo cha umeme peke yake.

Nchi yetu imekwisha kulipa ada ya somo hili mara moja. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mashine zilikuja kabla ya watu wa kuzitawala, na hesabu za Serikali zikavurugika kiasi kwamba mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, 1973, idara ya umeme ikiwa miongoni mwa idara zake za mwanzo. Fikirini kama mpangilio ungekuwa kinyume, chuo kwanza, mashine baadaye.

Hivi sasa Zanzibar ina bahati ambayo vizazi vya nyuma havikuipata. Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) kinafundisha kompyuta. Taasisi ya Karume, pale Mbweni, imekuwa ikitoa mafundi wa umeme tangu ilipokuwa chuo cha ufundi. Na Novemba, 2023 taasisi ya teknolojia ya Madras, ya India, ilifungua tawi lake Bweleo, ikianza na shahada ya kwanza na ya uzamili katika sayansi ya data na akili mnemba. Ni mara ya kwanza kwa taasisi za jina hilo kuvuka mipaka ya India. Wageni hao wangeweza kwenda kwingine. Wamekuja kwetu.

Msomaji aitazame ramani. Bweleo na Fumba ni majirani katika rasi moja. Mahali ambapo kijana hufundishwa kuisomesha mashine ili itabiri jambo la kesho hapako mbali na mahali ambapo uhai wa kisiwa unapanda kutoka baharini. Hatutaki majirani hao waishi bila kujuana.

Wako wasemao kwamba uhandisi wa umeme ufundishwe Bara, kwani gridi ni moja. Hoja hii ina ukweli nusu. Gridi ya Bara ni pana, ina mabwawa na gesi, na mvua ikinyesha Mbeya jua huenda linawaka Dodoma. Kisiwa hakina upana huo. Tukifunga paneli nyingi za jua, kama tunavyokusudia, wingu moja la vuli laweza kufunika paneli zote ndani ya dakika chache, na mzigo wote ukaangukia waya wa Fumba kwa ghafla. Ni nani atakayekadiria wingu hilo mapema, na betri za ukubwa gani zitashika pengo? Kadhalika chumvi ya bahari: huganda juu ya vikombe vya nguzo za Nungwi na Makunduchi, ikipata unyevu hupitisha umeme, na laini hukatika bila mti kuanguka. Mtafiti aliyeko mbali na pwani hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya nguzo ya Makunduchi. Wetu anayo.

Utafiti wa namna hiyo hauhitaji kwanza majengo. Unahitaji kumbukumbu: daftari za hitilafu, saa na mahali, vipimo vya mzigo wa kila saa, taarifa za mita za kulipia kabla, yakiondolewa majina ya wenyewe. Vitu hivi vimo mikononi mwa Shirika la Umeme. Tunaelewa hofu ya maofisa, kwani daftari la hitilafu ni pia daftari la makosa, na hakuna mkuu wa kazi apendaye makosa yake yasomwe na vijana wa miaka 20. Lakini daktari naye hujifunza kwa wagonjwa, wala hospitali haifichi wodi.

Baraza la Wawakilishi litakapokaa kujadili makadirio ya elimu na ya nishati, kwa kawaida kila wizara husikilizwa kwa siku yake. Tungependa mjumbe mmoja awaulize Mawaziri wote wawili swali hili: mwaka huu ni wanafunzi wangapi wa vyuo vyetu walioingia katika kituo cha Fumba wakiwa na daftari mkononi, na ni ofisa gani aliyewafungulia mlango?