Muuguzi wa Zahanati na Sahihi Yake

Msafiri atokaye mjini Nakuru kwa njia ya Njoro akapanda kuelekea Kuresoi, akiyapita mashamba ya ngano na viazi hata baridi ya Mau imlazimishe kufunga vifungo vya koti, atakuta kando ya barabara za udongo zahanati ndogo za mawe na mabati, zenye tangi la maji ya mvua pembeni na benchi la wagonjwa barazani, na ndani yake mtu mmoja ambaye wenyeji wote, wazee kwa watoto, humwita daktari. Mtu huyo si daktari. Ni muuguzi, aghalabu mwanamke, aliyesoma chuoni miaka mitatu au minne, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, kisha akaletwa huko kutenda yote ambayo daktari angeyatenda lau angalikuwapo: kusikiliza, kupima, kutambua maradhi, kutoa dawa, kuzalisha, kushona, na kuamua nani arudi nyumbani na nani apelekwe hospitali usiku huo huo. Wenyeji wamempa jina hilo kwa kuyatazama matendo yake. Sheria ya nchi, ambayo ndiyo iliyopasa kuwatangulia, ingali inasitasita.

Jioni moja ya masika nilikuwa katika mojawapo ya zahanati hizo, nimemsindikiza shangazi yangu aliyekuwa akisumbuliwa na kifua, pale alipoletwa kwa pikipiki mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi minane, ameshikwa mabega na mavyaa wake ili asianguke.

"Daktari," alisema yule mavyaa, "huyu mtoto tangu asubuhi analia kichwa, na sasa anasema anaona vimulimuli."

"Mkalishe hapa, mama, wala usimwachie," alijibu muuguzi, huku amekwisha kumfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu.

Kipimo kilisoma 170 kwa 110, na kijiti kilichochovywa katika mkojo kikageuka rangi ya kijani kibichi. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Kifafa cha mimba kilikuwa kimefika mlangoni. Muuguzi alitoka mvuani hadi kwenye kichuguu nyuma ya jiko, mahali pekee ambapo simu hupata mtandao, akampigia daktari mara mbili, asipate jibu. Akarudi, akafungua kabati, akatoa salfeti ya magnesiamu, akaipitisha polepole katika mshipa na kisha akachoma sindano mbili, moja kila tako. Alipokwisha aliketi kando ya kitanda akihesabu pumzi za mgonjwa na kumgonga goti kila baada ya muda, maana dawa ile ikizidi huanza kwa kuyanyamazisha magoti kabla ya kuifikia pumzi, na karibu naye aliweka tayari chupa ya dawa ya kuipinga. Gari la wagonjwa liliwasili kutoka Molo baada ya saa mbili u nusu, matope yamelifika vioo. Mama yule alijifungua salama, na mtoto wake yu hai.

Majuma mawili baadaye muuguzi aliitwa katika ofisi moja, akaulizwa ni nani aliyeidhinisha dawa ile. Hakuadhibiwa. Lakini aliulizwa, na tangu siku niliposikia habari hiyo swali hilo halijanitoka moyoni, kwa kuwa jibu la haki lilikuwa moja tu, nalo ni hili: mimi. Na hilo ndilo jibu ambalo sheria yetu haijampa ujasiri wa kulitamka.

Tuitazame sheria yenyewe. Maafisa wa kliniki, ambao wengi wetu tumewazoea kwa jina la matabibu, walipata sheria yao mwaka 1988, na ikaandikwa upya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo tabibu humpima mgonjwa, humtibu na humwandikia dawa kwa jina lake mwenyewe, na akitaka kufungua kliniki yake mjini Gilgil au Elburgon, njia ya leseni iko wazi. Muuguzi naye ana sheria yake, Sura ya 257, inayomsajili na kumruhusu kuomba leseni ya kazi ya binafsi. Walakini juu ya jambo analolifanya kila siku tangu asubuhi hadi magharibi, yaani kutambua ugonjwa na kuandika dawa, amekuwa akitegemea miongozo, nyaraka za wizara na desturi. Wizara ya Afya ilitoa mwaka 2017 sera ya kugawana kazi baina ya wahudumu wa afya, iliyokusudiwa kudumu hadi mwaka 2030, na hazikupita siku nyingi ila wataalamu wa maabara waliipeleka Mahakama Kuu kuipinga. Silaumu walioshtaki, kwani kila taaluma ina haki ya kuulinda mpaka wake. Nasema tu kwamba anayeitumikia nchi kwa kutegemea sera amejenga juu ya mchanga, na mgonjwa wake amelala katika nyumba hiyo hiyo.

Madaktari wana hoja dhidi ya kumpa muuguzi mamlaka hayo kisheria, nayo yastahili kujibiwa kwa staha. Wao husoma miaka sita, kisha huongeza mwaka wa mazoezi hospitalini, na huogopa kwamba mtu aliyesoma nusu ya hayo, akipewa uhuru kamili, ataukosa ugonjwa uliojificha nyuma ya homa ya kawaida. Hofu hii ni ya kweli. Lakini nauliza, usimamizi tunaoambiwa tusiuondoe uko wapi? Katika zahanati za Kuresoi, na ukishuka upande wa pili wa Nakuru hadi Marigat na vijiji vya Tiaty, daktari hayupo wa kusimamia. Liko jina lake katika karatasi, na jina halishiki mshipa wa mgonjwa. Usalama wa kweli hutoka katika elimu iliyopimwa kwa mtihani, katika orodha ya dawa na maradhi iliyoandikwa bayana, katika leseni inayoweza kunyang'anywa, na katika simu inayopokelewa upesi pale muuguzi anapoomba shauri. Hayo yote yaweza kutungiwa sheria. Sahihi ya mtu asiyekuwapo haimkingi mgonjwa, humpunguzia tu muuguzi hadhi na kumwongezea daktari lawama ya jambo asiloliona.

Wala sisi hatutakuwa wa kwanza. Huko Colorado, Marekani, mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo ya kuwaelimisha wauguzi kupima na kutibu, na tangu hapo wauguzi wa namna hiyo wamepigania uhuru wao jimbo kwa jimbo, hata leo majimbo zaidi ya 20 yamewaruhusu kufanya kazi pasi na daktari wa kuwasimamia. Uingereza iliwafungulia wauguzi waliohitimu mafunzo maalumu karibu orodha yote ya dawa mwaka 2006. Na karibu nasi zaidi, Afrika Kusini, wauguzi walipewa kazi ya kuwaanzishia wagonjwa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na uchunguzi mkubwa uliofanywa katika jimbo la Free State, ukachapishwa mwaka 2012, haukuona kwamba wagonjwa wao walikufa zaidi kuliko wale waliohudumiwa na madaktari.

Ila sihitaji kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, na hospitali kubwa zikaingia katika dhiki isiyosahaulika. Huko vijijini, hata hivyo, zahanati nyingi ziliendelea kufunguliwa asubuhi kama ada. Ulipofika Juni mwaka huo huo, wauguzi nao wakagoma, mgomo uliochukua takriban miezi mitano, na hapo ndipo makufuli yalipotundikwa milangoni, watoto wakakosa chanjo, na wanawake wakarudi kujifungulia nyumbani kwa mwanga wa kibatari. Mwenye kutaka kujua ni nani hasa anayeibeba afya ya mashambani asome kalenda ya mwaka ule.

Ninachokiomba ni kwamba Bunge la Taifa, kwa kuwa sheria za taaluma ziko mikononi mwake hata baada ya huduma za afya kukabidhiwa kaunti mwaka 2013, liifungue Sura ya 257 na kuandika humo daraja la muuguzi mwenye elimu ya juu ya tiba, anayepima, anayeandika dawa na anayetoa rufaa kwa mamlaka yake mwenyewe. Kadhalika mamlaka ya bima ya afya, SHA, iliyoshika nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF mnamo Oktoba 2024, iagizwe kuitambua sahihi yake; maana tumekwisha kuwasikia matabibu, wenye sheria yao kamili, wakilalamika kwamba mfumo huo umewafungia mlango, na leseni isiyotambuliwa na mlipaji haifiki mbali. Na pamoja na uhuru huo muuguzi aubebe mzigo wake wote: akikosea, aitwe yeye, ahukumiwe yeye, kwa jina lake. Wauguzi niliozungumza nao hawalikimbii jambo hili. Wanalitaka.

Nilirudi katika zahanati ile baada ya mvua kwisha, nikamkuta muuguzi akichanja watoto. Alinionyesha daftari la usiku ule. Katika safu iliyochapishwa "Sahihi ya daktari" palikuwa peupe. Lakini ukingoni mwa karatasi, kwa herufi ndogo zilizobanana kwa kukosa nafasi, alikuwa ameandika saa aliyotoa dawa, kipimo cha dawa yenyewe, jina lake kamili, na namba yake ya usajili.