Mlima Meru, Kipimo cha Mawingu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo mkazi wa Arusha anajua kwamba kati ya Juni na Agosti wingu zito huweza kuufunika Mlima Meru asubuhi nyingi, na mkulima asipate ila manyunyu. Kuliona wingu hakutoshi. Yapasa kujua ni la namna gani na limeanzia kimo gani.

Mwaka 1802 Luke Howard, mkemia wa London, aliyaainisha mawingu kwa maumbo yake, na majina aliyoyatoa yangali yakitumika: stratusi, lililotandaa kama shuka, kumulusi, lililorundikana kama pamba, na sirusi, jembamba kama nyuzi, lililo juu sana. Kwenye Meru kazi yake huonekana wazi. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inapoukabili mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Ndiyo sababu miteremko ya kusini husitawi migomba na kahawa, hali upande wa kaskazini-magharibi ni mkavu.

Siku hizi mlima huo hupigwa picha kwa simu kila siku, lakini picha isiyoandikiwa tarehe, saa na mahali haiifai sayansi. Huo ni upotevu wa maarifa. Setilaiti huyaona mawingu kutoka juu, naye aliye chini huona kitako chake. Meru, wenye kimo cha mita 4,566, umesimama kando ya mji ulio kwenye mita 1,400 hivi. Kwa hiyo ni rula iliyokwisha kusimikwa. Wingu likiuegemea, mwalimu mwenye picha na ramani ya miinuko aweza kukadiria limeanzia mita ngapi.

Kipimo hicho si mchezo. Wingu linapougusa msitu, majani na matawi ya miti hunasa matone ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Utafiti wa Andreas Hemp kuhusu Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2005, ulieleza kwamba moto unapoteketeza misitu ya juu, mlima hupoteza maji hayo pia. Kama kitako cha wingu la Meru kinapanda au la, ni kumbukumbu ya miaka mingi tu itakayojibu.

Shule za Arusha na Meru zinafaa kuianza kazi hiyo. Picha mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kutoka mahali pamoja na kuelekea upande ule ule. Sehemu ya anga iliyofunikwa, ikihesabiwa kwa thumuni kama wafanyavyo wataalamu. Na kiasi cha mvua katika kipimamvua.

Watakuwapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ni kweli, lakini Mamlaka haiwezi kuweka kituo katika kila kijiji, na shule zimeenea vijijini. Mvua isiyopimwa leo haiwezi kupimwa kesho, na wingu la leo lisipoandikwa leo, halitaandikwa kamwe.