Maabara tulizijenga, bureti ziko wapi?

Mwaka 2014 na 2015 tulichangishwa ili kila shule ya kata iwe na maabara. Wapo waliotoa kwa moyo, wapo waliotoa kwa kunung'unika. Kuta zikasimama. Baadhi ya shule hizo sasa zina kidato cha tano na cha sita, na vijana wa tahasusi za PCB, PCM na CBG wanasomea humo humo.

Nendeni mkawaulize wamefanya praktiko mara ngapi. Wapo wanaoandika mlinganyo wa pamanganeti na chuma bila kukosea, lakini hawajawahi kuona ile zambarau ikipotea tone kwa tone, mpaka tone moja la ziada linapoacha rangi ya waridi isiyofutika. Wanakutana nayo kwenye mtihani wa taifa, saa inakimbia. Jambo hili halifundishiki ubaoni. Jicho huzoezwa, na mkono hujifunza kufunga koki kwa wakati wake.

Tunaambiana kwamba kemikali ni ghali. Haya, tupige hesabu. Mwanafunzi akirudia titresheni mara nne hutumia kama mililita 100 za asidi hidrokloriki ya 0.1 M. Darasa la watu 40 linahitaji lita 4. Lita hizo hutokana na takriban mililita 35 tu za asidi kali ya chupani, ambazo hazijazi kikombe cha kahawa ya barazani. Kabonati ya sodiamu ya kukutana nayo haifiki gramu 25.

Kinachotuelemea ni vioo na watu. Bureti hupasuka, koki huvuja, maji yaliyokenekwa hayapo. Fundi sanifu wa maabara naye hayupo, kwa hiyo mwalimu yuleyule mwenye vipindi vya mchana ndiye anayepima kemikali usiku na kuosha vyombo asubuhi. Mnashangaa akiamua kufundisha kwa chaki?

Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Wazazi wenzangu, sehemu ndogo ya tulichokuwa tukilipa tuielekeze kwenye vioo: kwa hiari, kupitia bodi ya shule, na risiti itolewe. Nanyi mnaofanya kazi kwenye maabara za hospitali, mamlaka za maji, viwanda vya sukari na saruji, mnaoshika pipeti kila siku, toeni Jumamosi moja kwa mwezi. Mwalimu hahitaji hotuba yenu. Anahitaji mtu wa kuandaa myeyusho na kusimama kati ya meza huku vijana wakipima.

Ila tusiharibu kwa pupa. Kemikali zinunuliwe kwa wauzaji waliosajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Asidi kali haipandi daladala ndani ya chupa ya soda, hata kama nia ni njema.

Kikao cha wazazi kijacho, kabla ya kukaa ukumbini, ombeni mkuu wa shule awafungulie maabara. Hesabuni bureti zisizovuja, linganisheni na idadi ya wanafunzi wa kemia, kisha takwimu hizo mbili ziwe ajenda ya kwanza, kabla ya sare na mahafali.