Majaji Hawatatujazia Kabati la Dawa

Wananchi wenzetu wa Rabai, tumesikia mara nyingi, kanisani na (tusifiche) hata mangweni, watu wakisema kuhusu bima mpya ya afya: "Ngojeni, majaji wataimaliza." Sisi hatukubaliani na kungoja huko.

Tuyakumbuke yaliyotokea. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, waliamua kwamba Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii na sheria nyingine mbili za afya, zote za mwaka 2023, zilikiuka Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliliachia Bunge siku 120 lirekebishe makosa. Siku hizo hazijaisha, Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo mwezi Septemba, na tarehe 1 Oktoba bima mpya ikachukua nafasi ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966.

Mapema mwaka huohuo Rais William Ruto alikuwa amewashutumu majaji hadharani kwa kuzuia mipango ya Serikali, bima hii ikiwa mojawapo. Hapo tunasema wazi: kuliuliza Bunge kama liliwasikiliza wananchi ni kazi halali ya jaji. Kifungu cha 2A, kilichotufunga katika chama kimoja tangu 1982 hadi Desemba 1991, kilipitishwa na Bunge lisilotuuliza.

Lakini Katiba hiyohiyo inayotupa haki ya afya katika kifungu cha 43, katika kifungu cha 20 inaikataza mahakama kuingilia ugawaji wa fedha kwa sababu tu yenyewe ingeamua vingine. Mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi alizuia sheria dhidi ya bidhaa bandia isiwanyime wenye virusi vya Ukimwi dawa halali za bei nafuu. Aliondoa kizuizi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Kuzinunua dawa na kuzifikisha zahanati hakukuwa kazi yake.

Mtazameni mgema wetu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, basi. Mgema hana hati ya mshahara, na mnazi hautoi tembo kwa kipimo kimoja masika na kiangazi. Mpango ulipoanza, alihojiwa kuhusu nyumba na mali yake, akakadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha akatakiwa alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Huenda hilo ni dhuluma. Sisi twaona hivyo. Hata hivyo, kiwango na wakati wa kulipa hupangwa na wale tunaowapigia kura, nao ndio wa kubanwa.

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Tunawaomba wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi na vijana wahudhurie vikao hivyo, wakiwa wameandika ni dawa gani zilikosekana katika zahanati yao, na kwa siku ngapi. Yaingizwe katika kumbukumbu za kikao, nakala ibaki kwetu. Jaji akiulizwa kesho kama tulisikilizwa, awe na karatasi ya kusoma.