Nauli pekee haimtoshi mwanagenzi aendaye Ulaya

Kijana wa Kenya apatapo barua ya kumkubali kuwa mwanagenzi katika shirika la kimataifa mjini Geneva, nyumba nzima hujaa vifijo. Kamati huundwa, harambee huitishwa, na nauli ikishapatikana jamaa humsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kisha wao hurejea makwao wakiamini kwamba mzigo umetuliwa. Kwa hakika, ndipo kwanza unapotwikwa.

Geneva ni miongoni mwa miji yenye gharama kubwa kabisa duniani, na nyumba zilizo tupu huko kwa miaka mingi hazijafika hata moja katika kila mia. Sheria ya Uswisi humruhusu mwenye nyumba kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu, ambayo huwekwa benki na haiguswi mpaka mpangaji ahame. Isitoshe, mpangaji huombwa hati za mshahara. Mwanagenzi asiye na mshahara ataonyesha nini? Humbidi atafute chumba cha kushiriki na wengine, na hapo ndipo matapeli humvizia kwa matangazo ya vyumba visivyokuwepo, wakimtaka atume pesa kabla hajaondoka Nairobi.

Zipo na taabu ndogo ndogo ambazo hazitajwi katika harambee. Lugha ya mji ni Kifaransa. Bima ya afya ni lazima. Koti la baridi la kweli halifanani na sweta tulizozoea kuvaa mwezi wa Julai. Maduka mengi hufungwa Jumapili, hivi kwamba anayewasili Jumamosi usiku mikono mitupu huenda akashinda na njaa katika mji uliojaa vyakula.

Yote haya yangevumilika kama mgeni huyu angelipwa. Lakini Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi imekuwa na desturi ya kutowalipa wanagenzi wake, na kuwaachia wenyewe gharama za viza, safari na malazi. Mwezi Agosti 2015 dunia ilishangaa kusikia kwamba kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand, mwanagenzi wa Umoja huo, alikuwa akilala hemani kando ya ziwa la Geneva. Baadaye alieleza kwamba alikuwa amekusudia kuifichua hali hiyo. Hata hivyo, kukusudia kwake hakukuifanya kodi ya nyumba iwe nafuu. Ikiwa mwana wa nchi tajiri alifikia hapo, wa kwetu afanyeje?

Wako wasemao kwamba taabu hukomaza, na kwamba hakuna anayelazimishwa kwenda. Hoja hiyo ina kasoro. Uanagenzi ni ngazi ya ajira. Asiyeweza kupanda kipago cha kwanza hafiki juu. Geneva ndiko yaliko makao makuu ya mashirika ya afya, kazi, biashara na wakimbizi. Mambo ya malaria na ya kambi za Dadaab na Kakuma huandikiwa taarifa huko. Iwapo vijana wanaojifunza kuziandika ni wale tu ambao wazazi wao wanaweza kuwalipia kodi, basi sauti ya mtoto wa mkulima wa Bungoma au mvuvi wa Lamu haitasikika, hata awe na akili namna gani.

Kwamba jambo hili laweza kurekebishwa, Shirika la Afya Duniani limethibitisha. Mwaka 2018 nchi wanachama zilipitisha azimio la kuubadili mpango wake wa uanagenzi, na kuanzia 2020 likawa linawapa wanagenzi posho. Serikali yetu ina kiti katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Na idai vivyo hivyo huko. Tena dai hilo lina faida hapa nyumbani, kwa kuwa Gigiri ni makao ya Umoja huo, na kijana atokaye Lodwar kuja huko bila posho huufikia mji wa kigeni vilevile.

Wakati tukingoja, tusikae kitako. Ubalozi wetu wa kudumu mjini Geneva waweza kuweka orodha ya vyumba vya kuaminika na ya Wakenya walio tayari kumpokea mgeni kwa juma la kwanza. Vyuo vikuu navyo vitenge fungu dogo la kuwakopesha dhamana ya nyumba, fedha ambazo hurudi mpangaji ahamapo. Tom Mboya alipoipeleka ndege ya wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959, hakuhangaikia nauli peke yake. Alihakikisha kwamba viko vyuo vilivyokuwa tayari kuwapokea na wafadhili wa kuwasaidia.

Nazo kamati zetu za harambee zibadili hesabu. Zisianze na tikiti. Zianze na kodi, bima na chakula cha miezi miwili ya mwanzo, ndipo nauli ifuate. Fedha zikipungua, ni heri kijana aombe kuahirisha safari kuliko kumrusha angani tukimshangilia, kisha tukamwacha atue mahali asipo na pa kulala.